Divai Iliyobaki

Jumapili ya kwanza walipotumia divai ya kweli, mke wa mkata karatasi aliijua kwa pua kabla kikombe hakijamfikia mdomoni. Alimeza funda lake, akainua macho. Mumewe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya Mchungaji, kitambaa cheupe mkononi, jagi mbele yake. Hakumtazama.

Kwa miaka yote kanisa lile lilikuwa likitumia maji ya zabibu kavu, yaliyochemshwa na mjane mmoja jikoni kwake. Mjane akavimba miguu, mwanawe akaja kumchukua. Ofisi kuu ikaona huo ni wakati mzuri wa kulifanya kanisa hilo lifanane na mengine, ikatuma katoni mbili za divai. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Katoni zilikuja na barua ya heshima kabisa.

Barua haikutaja desturi moja, kwa kuwa ilikuwa ya zamani na hakuna aliyeiwazia tena. Kilichobaki mezani baada ya kubarikiwa hakirudishwi chupani, hakimwagwi, wala hakilali. Mzee wa zamu hukinywa chote katika chumba cha nyuma, kisha husuuza vyombo na kuyanywa hata maji aliyosuuzia. Wazee walikuwa watano. Mpima viwanja alikuwa na sukari. Mwingine mikono ilikuwa ikimtetemeka kwa uzee, asingeweza kubeba jagi. Mama Mhazini alihesabu sadaka saa hiyo hiyo, na Mwalimu mstaafu alikuwa na darasa la watoto. Zamu ikawa imeangukia kwa mkata karatasi, mwaka wa tatu sasa, na kwa maji ya zabibu hakuna aliyeona tatizo, hata yeye.

Ibada ilipokwisha, mkewe alipita pembeni akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Mumewe alikuwa akifuta kikombe.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Kiasi gani?"

"Kilichobaki." Alikunja kitambaa mara mbili, akakilaza juu ya jagi. "Kidogo tu, mama. Twende, jua linazidi."

*

Nyumbani walikula viazi na mboga. Binti yao, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa akisimulia jinsi mwimbaji mmoja wa kwaya alivyopitwa na ubeti akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Baba alicheka. Alicheka vizuri, akaomba kuongezewa viazi. Mama aliiangalia mikono yake muda wote, na yeye alijua inaangaliwa, akaila mboga taratibu kuliko kawaida.

Binti alipotoka na vyombo, mkewe alisema, "Miaka sita na miezi miwili."

"Mimi sihesabu."

"Nahesabu mimi."

"Haya. Imekuwa miaka sita na miezi miwili, na bado nimekaa hapa mbele yako nakula viazi." Akashusha sauti. "Ile si pombe, mke wangu. Imebarikiwa. Ni damu."

"Mdomoni ni damu. Tumboni je?"

Mumewe alichukua ganda la kiazi lililokuwa kwenye kitambaa cha meza, akaliweka kwenye kiganja chake, akatafuta pa kulitupa.

"Muombe Mchungaji akupumzishe," mkewe alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba mzee wa kanisa anaogopa Meza ya Bwana?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba niko sawa. Na usimwambie mtu. Nakuomba hilo tu."

Hakumwambia mtu Jumatatu. Siku hiyo mumewe alirudi kutoka kiwandani kwa wakati. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine ya kukatia karatasi, yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu, na mwenye kiwanda alikuwa amemchukua kwa sharti moja, kwamba siku atakayonusa kitu ndiyo siku ya mwisho. Mkewe akamkaribia kumpokea mfuko, akavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya wino na gundi. Mumewe alimwona.

"Umeridhika?" akamuuliza, bila ukali.

*

Jumanne, mkewe alipotoka kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, vidole vimemnyauka kwa maji, alipitia kwa Mchungaji. Alimkuta nje anatia mafuta kwenye mnyororo wa pikipiki. Alikuwa kijana, mpole, na hakuwa amemaliza mwaka pale. Alinawa mikono haraka akamletea kiti.

"Mchungaji, sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

"Karibu, mama. Sema tu."

Akasema. Halikuwa jambo refu, lakini lilimchukua muda, kwa sababu kila alipofika kwenye neno lenyewe alilizunguka. Mchungaji alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi hili sikulijua," alisema mwishowe. "Namwona mzee wetu ametulia, mtu wa maombi. Sikulijua kabisa."

"Hapendi lijulikane."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema yuko sawa."

"Unaona, hapo ndipo penye ugumu." Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Mzee amesema yuko sawa, nami nimwondoe kwa neno la mkewe. Ataonaje?"

"Basi turudi kwenye maji ya zabibu. Nitachemsha mimi. Nusu kilo ya zabibu kavu hainishindi, nitanunua kwa mshahara wangu."

"Mama, ni moyo mzuri. Lakini barua ya ofisi kuu imeshafika. Siwezi kuipuuza mimi peke yangu, inabidi baraza la wazee likae." Akafikiri. "Nitaliweka mezani kwa hekima. Sitamtaja jina."

"Usimtaje, Mchungaji. Tafadhali."

"Sitamtaja," akasema, na alimaanisha.

*

Hakumtaja. Alhamisi jioni baraza lilikaa, na Mchungaji akafungua kwa kusema kwamba ana jambo la kutafakari tu, wala halimhusu mtu. Tuseme kuna mtumishi ambaye kabla ya kuokoka alikuwa na udhaifu wa kinywaji. Je, ni hekima apewe zamu ya kumaliza divai?

Vichwa vinne havikugeuka kumtazama mkata karatasi. Vilijizuia kwa bidii kiasi kwamba yeye alielewa papo hapo, na akaelewa pia imetoka wapi.

"Mimi msimamo wangu unajulikana," alianza Mwalimu. "Mkristo na pombe haviendani. Tone ni tone. Divai hiyo irudishwe ilikotoka."

"Mwalimu, Mwalimu," mpima viwanja alisema, akijiegemeza kitini. "Kwenye arusi ile maji yaligeuzwa kuwa nini? Juisi?"

"Divai ya zamani zile haikuwa kali."

"Kwani wewe uliionja?"

Walicheka. Mwalimu naye alicheka, akainua kidole. "Suala ni kiasi. Leo kikombe, kesho chupa. Mimi nimefundisha miaka thelathini, najua mtoto anaanzaje utoro."

"Kilichokatazwa ni ulevi," mpima viwanja alisema. "Kunywa hakukukatazwa. Tusiwe wakali kuliko aliyetuumba."

"Na ile dawa yako ya kikohozi, Mwalimu," Mama Mhazini aliingilia, "hebu soma maandishi madogo kwenye chupa. Mbona unailamba hadi kijiko?"

Waliendelea saa moja na nusu. Walitaja mitume, na matumbo ya mitume, na waliokunywa wakavuliwa heshima mbele ya watoto wao, na mataifa ambako maaskofu hunywa wakati wa chakula cha mchana. Yalikuwa mazungumzo mazuri, kila mmoja alikuwa amejiandaa kwa miaka bila kupata nafasi. Mzee wa mikono ya kutetemeka, ambaye huwa anasinzia, siku hiyo hakusinzia. Mkata karatasi peke yake hakusema. Alikuwa na kalamu, maana ndiye aliyeandika kumbukumbu, na aliandika hoja za pande zote mbili kwa mwandiko wake uliosimama wima.

Mwishowe wakakubaliana kuiandikia ofisi kuu kuomba mwongozo. Hadi majibu yatakapofika, divai iendelee, maana kubadilisha kabla ya jibu ni kama kujijibu wenyewe.

"Na lile la mtumishi?" Mchungaji alikumbusha kwa upole.

"Kama yupo mwenye shida," alisema Mwalimu, akiangalia kitambaa cha meza, "aseme mwenyewe. Tutampumzisha. Wala si aibu."

Mtu akasogeza chupa yake ya soda.

Mkata karatasi alimaliza kuandika sentensi, akaweka nukta. "Mimi zamu yangu ni nyepesi," alisema. "Aliyeniponya hakuniponya nusu. Niachieni."

"Bwana asifiwe," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Huo ndio ushuhuda. Mchungaji, umesikia."

Mchungaji alikuwa amesikia. Alimtazama mzee wake. Mama Mhazini akaombwa afunge kwa sala.

*

Alipofika nyumbani hakugomba. Mkewe angependa agombe. Alivua viatu, akavipanga chini ya kiti, akakaa.

"Umenivua nguo," alisema.

"Mchungaji alisema hatakutaja."

"Hakunitaja. Ndiyo maana nikashindwa hata kujitetea."

"Si ungekubali? Walikupa mlango. Ungesema tu, naomba nipumzike."

"Niseme hivyo mbele ya Mwalimu?" Alitikisa kichwa. "Wewe unajua walikuwa wananiitaje hapa mtaani."

Alijua. Walimwita Dumu. Watoto walikuwa wakipiga makopo wakimfuata, na binti yao, akiwa na miaka tisa, aliwahi kurudi kutoka shuleni na mdomo uliopasuka kwa sababu ya jina hilo.

"Leo wananiita Mzee," alisema. "Yule fundi wa baiskeli pale kona, aliyekuwa ananimwagia maji machafu, husimama nikipita. Shikamoo, Mzee. Nikisema siwezi kushika kikombe cha kanisa, kesho nitaitwaje?"

"Utaitwa mume wangu."

"Hilo niliitwa hata nilipokuwa Dumu."

Mkewe alikaa karibu naye. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga siku nzima akiwa anakamua mashuka, na sasa kila alilolichukua lilikuwa limeloa, halishikiki. Alimuuliza jambo moja tu.

"Ile Jumapili, ulipokunywa. Ulisikiaje?"

Mumewe alifikiri sana kabla ya kujibu, kwa kuwa alikuwa ameacha kumdanganya mwaka ule ule alipoacha kunywa.

"Nilisikia kama mtu ameniita jina kutoka chumba cha pili," alisema. "Sikwenda. Lakini nilisikia."

*

Jumapili ya Meza iliyofuata mvua ilianza alfajiri, ikanyesha kama inalipwa. Mchungaji alikuwa na kanisa la pili la kuhudumia siku hiyo, kwa hiyo alijaza jagi mapema, kwa idadi ya kawaida, watu mia moja na ishirini, akaibariki divai yote kabla hajaangalia viti. Walikuja thelathini na wanne. Wengi wao walikuwa na viatu mkononi.

Mke wa mkata karatasi aliketi benchi la tatu na binti yake. Alihesabu watu, akaangalia jagi. Alihesabu tena. Kikombe kilipomfikia alivuta funda kubwa, kubwa hata Mchungaji akashtuka kidogo, lakini funda la mtu mmoja ni funda la mtu mmoja.

Baada ya baraka, Mchungaji alivaa koti la mvua juu ya joho, akawasha pikipiki akaondoka. Mama Mhazini alifungua sanduku la sadaka. Mwalimu aliwakusanya watoto saba waliokuwepo. Mkewe alimwambia binti amsubiri barazani, akaenda chumba cha nyuma, akaingia, akafunga mlango.

Mumewe alikuwa amesimama mbele ya meza. Kikombe kilikuwa tupu na kimelowa. Jagi lilikuwa limejaa kupita nusu.

"Umeshakunywa kimoja," mkewe alisema.

"Kimoja."

"Vingapi vimebaki humo?"

"Vinne. Pengine vitano." Hakugeuka. "Nilikuwa napumzika."

Palikuwa na sinki ukutani, hatua moja kutoka mezani, na bomba lililokuwa likidondosha maji tone kwa tone. Wote wawili walikuwa wanaliona. Hakuna aliyelitaja. Mkewe alikuwa amebatizwa akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo hajawahi kuacha hata chembe ya mkate ule ianguke. Kuimwaga kusingemjia mkononi hata kama angejilazimisha.

Akavuta jagi kwake.

"Huruhusiwi," mumewe alisema. "Ni mzee wa zamu tu."

"Nimebatizwa kabla yako. Kaa."

"Hujawahi kunywa maishani mwako."

"Sasa nitaanza nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Kaa, nimesema."

Akakaa. Mkewe alijaza kikombe hadi juu, akakinywa kama mtu anayekunywa dawa ya mitishamba, amefumba macho, bega limepanda. Akakohoa. Akajaza cha pili.

"Si hivyo," mumewe alisema baada ya muda. "Polepole. Ukiigugumia itakupanda puani."

"Inanywewaje?"

"Mafunda madogo. Acha ikae kwanza kwenye ulimi. Halafu pumua." Alikuwa amesogea mbele kitini. Macho yake yalikuwa kooni kwa mkewe, yakishuka na kila funda. "Hivyo. Hivyo hasa."

Alikunywa vikombe vinne hivyo, akifundishwa. Cha tano kilikuwa nusu. Alisuuza jagi, akanywa maji ya kusuuzia, akasuuza kikombe, akanywa na hayo. Kisha alitaka kusimama, meza ikamkimbia.

Mumewe alimdaka. Walitoka kwa mlango wa mbele kwa kuwa wa nyuma ulikuwa umezingirwa na maji, na hivyo wakapita ukumbini, mbele ya Mama Mhazini na sarafu zake, mbele ya Mwalimu na watoto saba. Mkewe alikuwa anacheka kidogo. Hakujua anacheka nini. Aligonga benchi, akaliomba radhi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Marahaba," alijibu Mwalimu, na pua yake ikavuta hewa mara mbili.

*

Alipozinduka mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa dirishani ulikuwa wa saa kumi. Kichwa kilimgonga. Kulikuwa na beseni kando ya kitanda, na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso wake. Binti alikuwa ameketi miguuni pake.

"Baba yuko wapi?"

"Alitoka kukununulia dawa ya kichwa."

"Saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Ulipolala tu."

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa pili. Aliinuka, akasubiri chumba kitulie. Binti alikuwa akichezea uzi wa shuka, na hakumtazama usoni.

"Sema," mama alisema.

"Nilikwenda kumfuata. Saa tisa."

"Wapi?"

"Kule nilikokuwa natumwa kumwita nikiwa mdogo."

Mama alipajua.

"Alikuwa amekaa peke yake," binti alisema. "Alikuwa na glasi moja mbele yake, imejaa. Dawa alikuwa ameshainunua, ilikuwa pale mezani karibu na glasi. Sikuona akinywa, mama. Alikuwa anaiangalia tu. Nikamwita."

"Akasemaje?"

"Akasema, nakuja, mama. Tangulia, nakuja."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alishusha miguu chini, akatafuta viatu vyake. Vidole havikukubali kufunga kishikizo cha kiatu, binti akapiga magoti akakifunga, kisha cha pili. Walifika sebuleni. Binti aliweka mkono kwenye kitasa, na hapo hapo mlango ukagongwa kutoka nje, kwa adabu, mara tatu.

Alikuwa Mama Mhazini, na mama wawili wa kikundi cha wanawake. Walikuwa wamejifunga vitambaa vyao vya kikundi, mmoja amebeba chupa ya chai. Walimwona amesimama, nywele hazijachanwa, macho mekundu, mkono mmoja ukutani.

"Ulikuwa unatoka, mdogo wangu?" Mama Mhazini aliuliza, kwa huruma ambayo mtu asingeweza kuikasirikia. "Unakwenda wapi na hali hiyo? Hebu kaa."

"Dada, kuna mahali nawahi. Ni mume wangu."

"Mumeo tumemhurumia sana leo. Kukubeba vile mbele za watu, na yeye ndiye mzee." Alimshika kiwiko, akamkalisha kwa nguvu za upole. "Hatukuja kukuhukumu. Haya mambo humpata yeyote. Wala hatutakuuliza yameanza lini."

"Si hivyo. Nilikunywa kwa sababu..."

Sababu ilikuwa moja tu, na kuisema ilikuwa kumvua mumewe nguo mara ya pili, safari hii kwa jina. Walimsubiri. Walimsubiri kwa subira kubwa.

"Usijieleze," alisema aliyebeba chai. "Bwana anajua."

"Tuombe kwanza," alisema Mama Mhazini.

Wakasimama kumzunguka. Mikono mitatu ilishuka juu ya kichwa chake na mabega yake, mizito na yenye joto, na Mama Mhazini akaanza. Alimwombea dada huyu aliyenaswa. Aliombea kiu hiyo ikauke. Akaiombea nyumba hii, na mtumishi wa Mungu anayebeba mzigo huu kimya, ambaye yeye mwenyewe alishashinda. Hakuwa na haraka.

Binti alikuwa bado mlangoni, mkono kwenye kitasa, akimtazama mama yake. Mama hakuwa amefumba macho. Kupitia ufa wa mlango aliona kipande cha barabara, matope, na mwanga ukiwa umeshageuka rangi.

"Amina," akasema kwa sauti, katikati ya sala, akitumaini wataishia hapo.

"Ndiyo, dada, itikia," alisema mmojawao, na mikono ikamkandamiza zaidi, na sala ikaendelea.